Kombe wa Fungu la Mbali

Shule ya Kati ya Wasichana,
Iringa,
8 Januari 1955

Kwako Baba Mkwe, Mzee Abrahamu,

Kamwene. Najua kwenu husema "ugonile", nami nimejaribu, ila kalamu yangu ni ya Kihehe, uisamehe.

Utashangaa kupata barua yangu. Tangu nilipoolewa na mwanao Saulo, huu mwaka wa nne, sijauona uso wako wala wewe hujauona wangu. Siku ya kwanza nilipokuja kwenu ulikohoa tu njiani, nami nikajitupa migombani, ndoo nzima ya maji ikanimwagikia. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini. Nimeushika mwiko wenu kama mzaliwa. Lakini nimefikiri sana nikaona kwamba mwiko unasema mkamwana asimwone mkwewe. Hausemi asimwandikie. Wazee waliouweka hawakujua kuna posta.

Sasa nasema lililonileta. Tangu barua ya Saulo ya katikati ya Septemba sijapata hata mstari. Nimepeleka barua nne Mikindani; hazikujibiwa, hazikurudishwa. Juzi Atuganile, mwalimu mwenzangu aliyezaliwa huko kwenu, alirudi kutoka likizo. Alipita kwako kukuamkia, akaona mezani daftari lenye jalada la kijani. Mwandiko aliutambua mara moja, maana Saulo ndiye aliyemfundisha hesabu. Ni daftari la kombe, wale viumbe wa pwani wenye magamba ambao Mzungu wa uvuvi alimwajiri Saulo awapime na kuwahesabu.

Baba, kwa nini daftari liko Mbeya na mwenyewe yuko Mikindani? Au hayuko Mikindani?

Nina mimba ya mwezi wa sita. Unajua mbili za kwanza hazikufika. Hii ni ya Julai, alipokuja likizo. Nilimwandikia habari hiyo katikati ya Septemba, sijui kama aliipata, au aliipata ikamchosha. Watu hapa wananitazama kwa huruma inayoudhi. Mke wa karani mmoja aliniambia, "Mwalimu, wanawake wa pwani wana dawa, we hujui?" Nikacheka naye, kisha nikaenda nyuma ya ghala nikalia.

Niambie neno moja la kweli. Likiwa chungu nitalimeza.

Mkamwana wako,
Marta Kalinga


Igawilo, Mbeya,
17 Januari 1955

Kwa mkamwana wangu Marta,

Salamu katika jina la Bwana. Ugonile. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimeketi. Juu ya mwiko na posta, nilimwuliza mzee wa kanisa mwenzangu. Alikuna kichwa akasema, "Mwe! Hilo halijatokea bado." Basi tuliache hapo.

Ni kweli daftari liko kwangu. Lililetwa, kwa kuwa Saulo aliandika anwani yangu kuwa ndiyo ya kwao. Habari ya kuja kwa daftari hilo ni ndefu na ina wakati wake. Wewe sasa kazi yako ni moja, kula, kulala na kutoinua ndoo. Haraka haraka haina baraka, na wewe mwenyewe wajua baraka ninayoisema.

Lakini sitaki kukurudisha mikono mitupu. Nilikuwa karani wa misheni miaka ishirini na minane, nikinakili vitabu vya ubatizo. Kazi ninayoiweza duniani ni kunakili bila kuongeza wala kupunguza. Basi nakunakilia ukurasa wa kwanza, ni mkono wa mumeo huu:

"Kombe ana magamba mawili manene, yameshikana mgongoni kwa meno madogo yaliyopangwa mstari mmoja. Juu ya gamba kuna matuta kutoka mgongoni hadi ukingoni, kama shamba la viazi la kwetu. Nimehesabu matuta ya kombe ishirini. Wengi wana thelathini na nane hadi arobaini. Ngozi ya juu ni ya kahawia na ina vinyweleo. Ukimfungua, damu yake ni nyekundu kama yetu, ingawa jamaa zake wengi damu yao haina rangi. Haishi kwenye kina. Anakaa kwenye tope na mchanga, penye majani ya bahari, amejizika, na juu unaona ufa mwembamba tu. Hapo anavuta maji, anachuja chakula, anayatoa. Ukingoni mwa nyama yake ana vijicho. Havioni mtu, vinaona kivuli. Kivuli kikipita, anafunga."

Mimi bahari sijaiona. Nimezaliwa kwenye ndizi na nitazikwa kwenye ndizi. Lakini ukurasa huu nimeusoma mara nyingi, sasa huyu kombe namfahamu kuliko ninavyowafahamu baadhi ya wazee wa kanisa.

Tulia, mwanangu.

Mkweo,
Abrahamu Mwakisunga


Iringa,
24 Januari 1955

Baba Mkwe,

Nilikuuliza mume, umenipa kombe.

Hata hivyo sikumtupa. Nilimfundisha darasa la saba siku ya Alhamisi, nikamchora ubaoni na matuta yake. Msichana mmoja wa kutoka Kilolo, ana ulimi kama wangu, aliuliza, "Mwalimu, huyo kumbe anajizika bila kufa?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikujua nilichokuwa nikicheka.

Siwezi kukaa, Baba. Nasahihisha madaftari nimesimama. Basi la posta likipiga honi kule chini sokoni, natoka hata kama chaki iko mkononi. Nimefika posta mara nyingi hata karani ananiona tangu mlangoni anatikisa kichwa, ili nisipoteze hatua. Usiku nageuka, mtoto anageuka, hatupatani upande.

Umesema habari ina wakati wake. Nani aliyeuweka wakati huo? Kama Saulo amepata mwanamke, sema. Hatakuwa wa kwanza, nami sitakuwa wa kwanza kurudi kwa baba yangu na sanduku kichwani. Kama amefanya kosa kazini amejificha, sema pia. Naweza kumsamehe mtu mwoga. Nisiloweza ni hili la kutojua nimsamehe nini.

Kwa hiyo nakupa wakati na mimi. Nimeomba ruhusa shuleni. Jumatatu tarehe 28 Februari nitapanda basi la Dar es Salaam, halafu meli hadi Mtwara, halafu nitatembea mpaka Mikindani. Daktari amenikataza. Nilimwambia "ndiyo, Bwana daktari", unajua ile ndiyo yetu.

Mkamwana wako,
Marta Kalinga


Igawilo, Mbeya,
29 Januari 1955

Kwa mwanangu Jailos, huko Mufulira migodini,

Njoo nyumbani.

Lile neno la Oktoba juu ya ndugu yako, ambalo mwinjilisti alikuletea kwa mdomo wake, mkewe hajaambiwa mpaka leo. Nilitaka ajifungue kwanza. Amepoteza wawili, na daktari wa Iringa alisema mshtuko mmoja unatosha kumpoteza wa tatu. Huyu aliye tumboni ndiye yote aliyotuachia Saulo. Lakini sasa mama yake anataka kupanda basi na meli kumtafuta mtu asiyepatikana, na njia hiyo peke yake itamtoa mtoto.

Siwezi kumwandikia. Wewe umelelewa hapa, wajua kwamba msiba hautiwi kwenye bahasha. Huletwa na miguu, husemwa na mdomo, na anayeambiwa akianguka pawe na mikono ya kumshika. Karatasi haina mikono. Na mimi siwezi kusimama mbele yake, ni mkamwana wangu. Mwenye kazi hiyo ni wewe, ndugu wa mumewe.

Sijaweka matanga. Mchungaji na yule mwinjilisti pekee ndio wanaojua, nao wameapa. Nikisikia kilio cha msiba wa wengine naenda kulia huko, na watu wameanza kusema mzee Abrahamu siku hizi ana machozi mengi kwa watu asiowajua.

Omba ruhusa. Njoo.

Baba yako,
Abrahamu


Igawilo, Mbeya,
31 Januari 1955

Marta mwanangu,

Ugonile. Usipande basi hilo. Nakusihi kama mtu anavyomsihi mwanawe wa kumzaa.

Uliniuliza kama Saulo ana mwanamke mwingine. Hana. Hilo naliapa mbele ya Mungu, na kalamu yangu haitetemeki. Hakufanya kosa kazini, na wala hajifichi. Hana njaa, hana baridi, na hakukusahau. Moyo wako ulale kwa hayo.

Nakunakilia tena:

"Dume na jike kwa nje huwezi kuwatofautisha. Ukiwafungua wakiwa wamekomaa, jike ana rangi ya chungwa, dume ni mweupe wa maziwa. Hawakutani kamwe. Kila mmoja humwaga mbegu zake majini pale alipo, na maji ndiyo yanayozikutanisha. Mtoto ni mdogo kuliko punje ya ulezi, tena mdogo mno. Huelea wiki kadhaa, hushuka, hutoa uzi na kujifunga kwenye jani au jiwe. Akikua huachana na uzi, hujizika. Katika maelfu, labda mmoja hufika. Kaa humla, pweza humla, ndege humla, na kuna konokono anayetoboa gamba tundu la mviringo safi kana kwamba ana keekee, akamla kwa ndani."

Na tena: "Niliwatia alama kwa tupa kombe mia mbili, nikawarudisha mchangani. Baada ya miezi mitatu nimewaona mia na kumi na wawili. Wadogo wameongezeka milimita nane. Wakubwa hawakuongezeka hata moja."

Huyo mumeo tangu utoto alikuwa hivyo. Nikimtuma kuhesabu ng'ombe alirudi na idadi ya ng'ombe na idadi ya pembe.

Mkweo,
Abrahamu Mwakisunga


Iringa,
9 Februari 1955

Baba Mkwe,

Uliposema hana mwanamke, nililala. Nakuambia kweli, nililala kama gogo, Atuganile akaja kugonga akidhani naumwa.

Kisha nikaamka na swali jipya. Basi kwa nini? Mtu asiye na mwanamke, asiye na kosa, asiye na njaa wala baridi, hanyamazi miezi mitano. Yuko jela? Ameshikwa na ukoma, amepelekwa mahali asikotaka nijue? Nimefikiri mpaka ukoma, Baba, na nikajiona nafurahi, kwa sababu mkoma ana anwani.

Huwezi kunizuia kwa kunisihi. Nafasi kwenye basi nimekwisha kuchukua, kiti cha nyuma ya dereva. Nimeshona gauni pana la safari. Miguu imevimba, lakini kwenye basi mtu hatembei.

Ila nakupa njia moja. Naomba kurasa za mwisho za daftari. Usinichagulie. Zote, na tarehe zake, na tarakimu zake. Wewe ni karani wa kanisa, na maneno yako yana pembe za kujificha. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Tarakimu hazina adabu, hazimwonei mtu haya. Nikiona mume wangu alikuwa akifanya nini siku za mwisho za daftari, labda nitajua nimtafute wapi, au nisimtafute. Zisipofika kabla ya tarehe 28, nimeondoka.

Mkamwana wako,
Marta


Mufulira,
10 Februari 1955

Baba,

Salamu. Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. Mkataba wangu unaisha Juni, na nikitoroka sitapokewa tena hapa wala mgodi mwingine.

Nisamehe nitakalosema, liko mbali nawe kwa hiyo ni rahisi. Unasema mwiko unakuzuia. Mimi naona mwiko umeufanya kichaka. Unamwogopa Marta, na unaogopa kulisema kwa sauti, maana ukilisema litakuwa limetokea. Mimi mwenyewe niliogopa. Nilipoambiwa nilishuka mgodini siku hiyo hiyo, nikafanya kazi, nikala, kana kwamba sikusikia.

Nenda mwenyewe, Baba. Mkono wa nani mwingine utamshika?

Mwanao,
Jailos


Igawilo, Mbeya,
16 Februari 1955

Marta mwanangu,

Ugonile. Umetaka tarakimu, nakuletea tarakimu. Sioni zitakusaidia nini, kwa kuwa mimi nimezitazama tangu mwaka jana sikuona kitu ila hesabu ya kombe. Ukishazipata, nakuomba uwarudishie kiti chao cha basi.

"Fungu la mbali la mchanga liko ng'ambo ya mkondo. Kombe wa huko ni wakubwa kuliko wa ufukweni, maana wachache hufika kuwaokota. Nimelipima fungu na kuligawa safu kumi na tano kwa kamba. Maji yakianza kurudi huujaza mkondo kwanza, fungu likiwa bado kavu, kwa hiyo mtu ageuke mapema. Akina mama wanaookota kombe wanasema si la kuendea kila siku. Wana hesabu zao za mwezi. Mimi nina saa.

"Jumanne 28 Septemba. Mwezi umeandama jana. Akina mama wanaita bamvua, maji yamekwenda mbali sana. Fungu lilikuwa kavu dakika mia na thelathini. Safu nne zimekwisha.

"Jumatano 29. Dakika mia na ishirini na tano. Safu nne.

"Alhamisi 30. Dakika mia na tano. Safu tatu.

"Ijumaa 1 Oktoba. Dakika sabini. Safu mbili. Wakati wa kurudi mkondo ulinifika kiunoni. Akina mama leo hawakuvuka.

"Zimebaki safu mbili tu. Kesho Jumamosi nizimalize, maana Jumapili si siku ya kazi, na Mzungu anataka jedwali kamili. Mimi pia sipendi jedwali lenye mapengo."

Hapo daftari linaishia. Kurasa zinazofuata ni nyeupe.

Mkweo,
Abrahamu Mwakisunga


Iringa,
22 Februari 1955

Baba,

Niliziandika ubaoni wasichana walipokwenda shambani. Nilitaka kuzitazama kwa ukubwa.

Mia na thelathini. Mia na ishirini na tano. Mia na tano. Sabini. Kisha nikafanya kama ninavyowafundisha, nikatafuta zinapungua kwa ngapi. Tano. Ishirini. Thelathini na tano. Kila siku upungufu unazidi kwa kumi na tano. Unaofuata ni hamsini. Sabini toa hamsini ni ishirini.

Nilichukua kitabu cha jiografia. Kumbe bahari haipwi sawa kila siku. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu hupwa sana, halafu siku kwa siku inapunguza, mpaka yanakuja yale wanayoyaita maji mafu, haitoki ila kidogo. Akina mama walijua. Mwenye saa hakujua. Alidhani ardhi iliyokauka jana itakauka leo, kama sisi huku, ambako bonde likikauka limekauka hadi masika.

Safu moja ilimchukua zaidi ya nusu saa. Alibakiwa na mbili. Alihitaji saa nzima na zaidi, bahari ikampa dakika ishirini, na mkondo ulikuwa nyuma yake. Hajui kuogelea. Nani angemfundisha, kwenye mito yenu ya mawe? Na mimi namjua Saulo. Asingeinua kichwa mpaka safu iishe.

Nilisimama na chaki. Sikulia. Nilifuta ubao, nikaandika tarehe ya kesho.

Nimekukasirikia, Baba. Nimekukasirikia mpaka mtoto anapiga teke. "Hana njaa, hana baridi." Nililala kwa maneno hayo! Niliwasimulia watu sokoni kwamba mume wangu hana baridi! Hukudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ulikaa na kalamu ukayapima maneno yako moja moja. La kuvunda halina ubani. Ulifikiri utanificha mpaka lini, mpaka mtoto aulize mwenyewe?

Mikindani siendi. Nimewarudishia kiti.

Lakini labda nimekosea. Walimu wa hesabu nao hukosea. Kama nimekosea, piga telegramu yenye neno moja, UMEKOSEA. Nitakwenda posta kila siku kuisubiri, nami nitakuomba msamaha kwa magoti.

Kama sikukosea, usiniandikie. Sitaki kulisoma. Wewe wajua desturi yenu, na kwetu Uhehe ni hivyo hivyo. Siwezi kumlilia mume kwa hesabu ya kutoa. Sijaambiwa. Mpaka mtu wa kwao asimame hapa aseme, mimi si mke wala si mjane, ni mtu anayekwenda posta. Uliniambia habari ina wakati wake. Wakati umefika. Lete mdomo.

Marta


Iringa, chumba cha wageni cha kanisa,
Jumapili, 27 Februari 1955
Kwa mkono wa Atuganile

Marta mwanangu,

Barua yako ilinifika Ijumaa asubuhi. Nilikwenda moja kwa moja posta ya Mbeya. Karani alinipa fomu ya telegramu na penseli. Nilisimama nayo muda mrefu, akasema, "Mzee, andika basi, watu wako nyuma yako." Neno lako nilitamani kuliandika. Mkono ulianza hata herufi ya kwanza. Kama kuandika kungetosha kulifanya kuwa kweli, ningejaza fomu zote alizokuwa nazo. Nikamrudishia penseli, nikaenda kwenye mabasi.

Njiani nimepata siku nzima ya kufikiri, na nimeona una haki ya kunikasirikia. Nilijiambia nakulinda wewe na mtoto. Ni kweli, lakini si kweli yote. Jailos aliniambia naogopa, nami nilimkasirikia siku tatu kwa sababu alisema sawa. Mwiko ulikuwa heshima tangu kwa baba yangu, nami nimeuheshimu maisha yangu yote. Lakini ni heshima gani ya kumwacha mtoto wa watu ahesabu mwenyewe dakika za mumewe, amesimama peke yake na chaki?

Nilikuambia nanakili bila kupunguza. Nilipunguza. Pembeni mwa ile Alhamisi, tarehe 30, pana mstari wa penseli ambao haukuwa habari ya kombe, nikauruka. Umeandikwa hivi: "Barua ya Marta imefika. Aprili! Sikujua nimwambie nani hapa. Nimewaambia akina mama wa kombe, wamepiga vigelegele, mmoja amenitania kwamba sasa nitahesabu vidole vya mtoto." Sikuuandika kwa sababu niliona aibu kukupa furaha yake kwa mkono mmoja huku mwingine nikiuficha mgongoni. Basi alijua. Alijua, akafurahi, na hakuchoshwa na wewe wala na mtoto.

Mchungaji wenu hapa alijitolea kuja kwako badala yangu. Nimemshukuru, nimekataa. Neno hili lina wenyewe.

Atuganile atakaa nawe unaposoma, na nimewaomba akina mama wawili wa kanisa wasimame karibu, na muuguzi mmoja wa hospitali naye yuko pamoja nao. Mimi niko nje. Ni mzee mwenye koti jeusi, kofia nimeivua. Nitaingia kwa mlango wa mbele. Usikimbie, usijifunike uso. Dhambi ya kuvunja, kama ni dhambi, ni yangu. Nitakutazama, nitataja jina la mwanangu, nitalisema neno nililolibeba tangu Oktoba. Sijawahi kulisema kwa sauti, kwa hiyo huenda likanikwama, unisubiri. Kisha tutalia sote wawili, tena kwa nguvu, mpaka majirani wasikie waje.

Ukimaliza kusoma, mwambie Atuganile afungue mlango.

Baba yako,
Abrahamu